Buick ya Melchior na Kasoro Zake Kumi na Saba

Kwa miaka minane Melchior alimiliki gari ambalo halikumpeleka popote. Kazini alikwenda kwa basi, maana yeye mwenyewe ni dereva wa basi na nauli si tatizo lake. Kanisani alikwenda kwa treni. Kwa shemeji yake Norsborg aliomba lifti. Gari lenyewe, Buick LeSabre ya mwaka sabini na moja, milango minne, rangi ya asali, urefu mita tano na nusu na ushee, lilikuwa limelala chini ya ghorofa lao pale Hagsätra, Stockholm, katika gereji ya kulipia kila mwezi, limefunikwa shuka la maua ambalo mkewe Felicia alilitafuta kabatini wiki mbili nzima kabla hajaambiwa liliko.

Namfahamu Melchior tangu anasafisha mabasi, hajaruhusiwa kuyaendesha. Ni mtu wa Kibosho, Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, mpole, mchapakazi, hana ugomvi na mtu. Kasoro yake ni moja: anaamini kwamba anajua biashara. Mtu akisema ametoka Uchagani watu humdhania hivyo bila kumpima, naye hajawahi kuona sababu ya kuwakatalia.

Ukimwuliza kwa nini alinunua Buick, jibu linategemea siku. Nimeshasikia manne. Kuna siku ilikuwa mwenyekiti wa chama cha kahawa aliyekuwa na gari kama hilo. Siku nyingine ilikuwa padri Mmarekani. Mara ya tatu baba yake mwenyewe alipakiwa ndani yake kutoka Moshi hadi Himo, na mara ya nne baba huyohuyo aliachwa barabarani na gari likapita. Ukweli ninao mimi, kwa sababu nilikuwapo. Shughuli zangu ni kununua na kuuza magari yaliyochoka, mengi nayapeleka Bujumbura ambako usukani wa kushoto ndio wao. Siku ile nilikwenda kuangalia gari la mizigo la mzee mmoja wa Nynäshamn, Melchior akanisindikiza kwa kuwa alikuwa na siku ya mapumziko na mkewe alikuwa anafua mapazia. Uani kwa mzee ilikuwapo Buick. Mzee, mtu wa miaka sitini, mikono yote michoro, alipoitaja bei machozi yalimtoka. Melchior alidhani machozi yale ni dalili ya bidhaa njema. Mimi nilidhani ni bili ya mafuta. Alitoa elfu sabini za Kiswidi palepale. Sikumzuia, si mtoto.

Waswidi, kama hujaishi nao, wana wendawazimu wao juu ya magari ya Kimarekani. Watu ambao hawamsemeshi jirani ndani ya lifti mwaka mzima, majira ya joto yakifika wanatoa magari marefu kama vyumba vya kulala, wanazunguka mjini polepole bila kwenda kokote, huku wanapungia mikono watu wasiowajua. Na magari hayo yana madaraja. Juu kabisa ni ya maonyesho, hayo hata mvua hayaijui. Chini kabisa ni chuma chakavu. Katikati kuna yale wanayoyaita bruksskick, yaani gari la kuendesha: si la kupigia picha, lakini ukiwasha linawaka, ukikanyaga breki linasimama, na mtu wa mshahara bei yake anaimudu. Buick ya Melchior ilikuwa hiyo. Gari la heshima la mtu wa kawaida. Kama angeliacha hivyo hivyo lilivyo, nisingekuwa na cha kuandika.

Wenye kulifaidi gari lile walikuwa maharusi wa watu wengine. Kila kamati ya harusi ya Waafrika Mashariki hapa Stockholm, kikao cha kwanza, kabla hata ukumbi haujatajwa, iliandika: gari la bibi harusi, Melchior. Kwenye safu ya gharama walichora kistari. Yeye aliona ni heshima. Alivaa suti, akaendesha, akarudi nyumbani na mchele kwenye zulia, mafuta ya pilau kwenye kiti cha nyuma, na safari moja tundu la sigara la mpambe wa bwana harusi aliyetoka Uppsala na hakuomba radhi.

Sasa Felicia. Felicia ni fundi cherehani, na simaanishi wa kupunguza suruali. Kwa miaka kumi na tisa ameshona sebuleni, kati ya runinga na kochi, na wateja wamejaribishia magauni chumbani kwa bintiye Rebecka, ambaye amekua akijua vipimo vya viuno vya nusu ya wanawake wa Kikenya wa mji huu. Mwezi wa Agosti mwaka jana, Ruqaya, mama wa Mombasa mwenye duka la ushonaji karibu na uwanja wa Rinkeby, alimwita akamwambia anahamia kwa watoto wake Malmö. Mashine nne, ovaloki, meza ya kukatia, wateja, na mwenye jengo ameshakubali mkataba uhamishwe. Elfu tisini. Mwisho Ijumaa ya mwisho ya Septemba, kwa sababu kuna kijana wa kutengeneza simu anayepita kila siku na pesa mkononi.

"Kwake nitapata hizo hizo," Ruqaya alimwambia, "ila sitaki kuona mashine zangu zimetupwa nje halafu panauzwa vioo vya simu. Lakini Ijumaa ni Ijumaa, mwanangu."

Felicia alirudi nyumbani, akavua viatu, akamwambia mumewe sentensi moja. "Baba Rebecka, lile gari liondoke, mimi nipate duka."

Na Melchior, namsifu kwa hili, hakubisha. Alisema, "Niachie mimi." Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Wiki ya kwanza aliniita nione tangazo alilolibandika mtandaoni. Picha tatu, moja ina kivuli chake. Maneno matano: gari zuri sana, halina shida. Bei, laki moja na elfu tisini.

"Baba Rebecka," nikamwuliza, "hii tisini ya mwisho imeingiaje?"

"Hiyo ni bei ya kuanzia, dada Mwatumu. Watashusha."

"Nani atashusha?"

"Wanunuzi."

"Wanunuzi hawa wa hapa? Hawa bei wakiiona imeandikwa wanaamini imeandikwa. Asiyeiweza hapigi simu kubishana na wewe, anakwenda kunywa kahawa. Weka laki na kumi, wiki ijayo limeondoka."

"Nikishusha ghafla watajua nina njaa."

"Una njaa. Mkeo anataka duka."

"Lakini wasijue!"

Akakaa wiki tatu na simu mfukoni, ameipandisha sauti mpaka mwisho, akisubiri watu waje kumwambia punguza mzee. Huko Kariakoo angeshapigiwa na watu arobaini, thelathini na tisa kati yao waongo, na angekuwa na raha. Hapa alipigiwa na mtu mmoja, mstaarabu sana, aliyetaka kumjulisha kwamba huenda kidole chake kiliteleza kwenye tarakimu ya kwanza.

Melchior alitafakari. Akafikia uamuzi kwamba tatizo si bei. Tatizo ni kwamba gari halikuwa linang'aa.

Hili nalijua linatoka wapi, na wewe msomaji unalijua. Kwetu gari la kuuza linaandaliwa kama maiti ya mtu mkubwa. Linapigwa puti, linapakwa rangi, injini inaoshwa, matairi yanapakwa mafuta, viti vinavishwa makava mapya, na kinachougua ndani kinaachwa kiugue kwa faragha. Mnunuzi anajua, muuzaji anajua kwamba mnunuzi anajua, na bei inatafutwa hapo katikati kwa kelele. Ni utaratibu mzuri tu, mradi wote wawili waujue.

Yupo Mkenya mmoja Norsborg, Josiah wa Nakuru, mwenye kompresa na banda la kukodi. Melchior alimpelekea Buick bila kuniambia. Nilipopata habari nilikuta kazi imekwisha. Ile rangi ya asali, ambayo ilitoka nayo kiwandani na ambayo mzee wa Nynäshamn aliifuta kwa flana miaka thelathini, haikuwapo tena. Gari lilikuwa jekundu. Jekundu la kucha za bibi harusi. Ndani, makava ya pundamilia.

"Madam, umeona?" Josiah aliniambia, anajifuta mikono. "Zile kutu zote nimezizika. Nimepiga puti mpaka imelainika kama keki."

"Umezizika au umezitibu?"

"Aa, madam! Wewe unataka rangi ama unataka historia?"

"Waswidi wanataka historia, Josiah. Ndiyo wanayoinunua."

"Basi wanunue kitabu."

Melchior alikuwa analizunguka gari taratibu, mikono nyuma, kama mgeni rasmi anayekagua gwaride. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Halafu nikawa nao, nikamwambia: alikuwa amelipa elfu kumi na mbili ili gari lake lishuke thamani kwa elfu kumi na tano. Alinitazama kwa huruma. "Dada, wewe umezoea magari ya Bujumbura," akasema.

Akashusha bei, lakini kwa adabu yake mwenyewe, hadi laki na thelathini. Na kweli mtu akaja. Aliitwa Göte, mstaafu wa Enköping, suruali ya kazini, na mfukoni ana sumaku ndogo imefungwa uzi. Aliitoa, akaiweka kwenye boneti. Ikashika. Akaiweka chini ya mlango wa nyuma. Ikaanguka sakafuni. Akaiokota, akajaribu kiganja kimoja mbele. Ikaanguka tena. Gereji ile ina mwangwi, kila ilipoanguka tuliisikia mara mbili.

"Gari liliwahi kuwa na kutu?" Göte aliuliza.

"Hapana," akasema Melchior. "Kamwe."

Sumaku ikaanguka.

"Chuma cha Marekani ni tofauti," Melchior akaongeza.

Göte akasema "Jaha." Ni neno dogo la Kiswidi, ukilisikia likisemwa polepole ujue mazishi yameshapangwa. Akazungusha uzi kidoleni, akamshukuru Melchior kwa muda wake, akampa mkono, mimi pia akanipa mkono, akaondoka. Hakutukana. Hakusema tapeli. Melchior alibaki amesimama na hoja zake zote, hana wa kumpa.

"Ndiyo nini sasa?" akaniuliza. "Mbona hakusema hata bei yake?"

"Bei yake ameisema. Umesikia mlango?"

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Jioni ile Felicia alinipigia. Hakupandisha sauti. Yeye akikasirika anaongea kama anayehesabu vifungo.

"Mwatumu, gari hili kwa mkono wa mume wangu haliuziki. Lichukue wewe."

"Udalali wangu elfu tatu."

"Mbili, na gauni la Idi."

"Kitambaa chako?"

"Chako."

"Changu mimi? Basi mbili na nusu."

"Haya, kitambaa changu. Njoo Jumamosi."

Unaona tofauti. Mambo yaliisha kabla chai haijapoa, na wote wawili tulidhani tumeshinda.

Jumamosi mchana tukakaa jikoni kwao. Rebecka, mwenye miaka ishirini na mbili na Kiswidi cha kuzaliwa nacho, alifungua kompyuta. Felicia alikuwa kwenye mashine yake mlangoni pa sebule, pini mdomoni. Nikamwambia Melchior kazi yake ni moja, ataje kasoro zote za gari, moja moja, Rebecka aziandike kwenye tangazo.

Melchior alinitazama kama niliyemwambia avue shati.

"Nani anauza kitu huku anakitukana?"

Rebecka alimjibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba huko si kutukana, huko ni kusema kweli, na kwamba baba anaenda kuungama kila mwezi, kwa hiyo ana mazoezi.

"Kwa padri," akasema Melchior. "Padri hanunui!"

"Kasoro ya kwanza," nikasema.

Akafikiri sana. "Redio inakamata stesheni moja tu."

"Hiyo ndiyo ya kwanza? Na rangi?"

"Rangi ni mpya!"

"Rebecka mwanangu, andika. Rangi imepakwa Septemba na mtu asiyepaswa. Chini ya milango ya nyuma na kwenye kingo za magurudumu kuna puti juu ya kutu. Sumaku haitashika."

Melchior aliinuka akaenda kunawa uso. Aliporudi alikuwa amelegea, na mambo yakaenda kasi. Geji ya mafuta inasema nusu siku zote. Dirisha la nyuma kushoto linashuka lakini kupanda lazima lisaidiwe kwa mikono miwili. Kabureta inataka kubembelezwa asubuhi. Giaboksi inavuja, si sana, tone kwa usiku mmoja. Handbreki ni ya kuamini kwenye tambarare.

"Tundu la sigara," Felicia akasema kutoka mlangoni.

"Dogo," akasema Melchior.

"Andika dogo. Na mafuta ya pilau, kiti cha nyuma, upande wa kulia. Chini ya huyo pundamilia. Na harufu."

"Harufu gani?"

"Ya marashi ya wapambe wa miaka minane. Na mkanda wa abiria unakwama. Na linakunywa mafuta, halileti kitu nyumbani, na likiitwa na watu wa nje linakwenda bure."

Rebecka aliacha kuandika. "Mamma," akasema, safari hii kwa Kiswahili, "hilo ni gari au ni baba?"

"Endelea kuandika."

Zikafika kumi na saba. Nikaweka bei elfu tisini na tano, ambayo ni ya haki kwa gari la aina ile katika hali ile, na nikamwandikisha Rebecka chini yake: bei ni hiyo. Kabla ya Josiah ningeandika laki na kumi. Picha akapiga upya mwenyewe, ikiwamo ya tundu la sigara na sarafu kando yake ili ukubwa uonekane.

Jumapili, kabla Melchior hajatoka misani, zilikuwa zimefika jumbe nane.

"Kumbe wanapenda magari mabovu," akaniambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyegundua siri ya nchi.

"Wanapenda kujua wananunua nini."

"Haya ni yaleyale."

Aliyechaguliwa na Rebecka aje kwanza alikuwa mama mmoja, Gun-Britt, mkunga mstaafu wa Sala. Alifika Jumatano mchana kwa treni. Nilimwangalia mara moja tu nikajua biashara imekwisha: mtu aliyekuja kuona gari bila gari, na ndani ya mkoba wake ana glavu za kuendeshea, hakuja kuona. Amekuja kuchukua. Alikuwa na tangazo letu limechapwa kwenye karatasi, na penseli. Alianza kasoro namba moja. Akaweka alama. Namba mbili, alama. Dirisha alilisaidia kwa mikono miwili kama ilivyoandikwa, likapanda, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa pundamilia alicheka. Alilala chini kabisa kuitazama giaboksi, mama wa miaka sitini na nane, akainuka mwenyewe. Aliwasha. Injini ile ya silinda nane ilijaa gereji nzima, naye akasimama tu, anaisikiliza kama anavyosikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni.

"Nimepata ya kumi na nane," akasema. "Wipa ya kulia haifiki mwisho."

Melchior aliangalia chini. Gun-Britt akaiandika kwenye orodha, kisha akavua miwani.

"Tisini na tano. Nalipa sasa hivi kwa simu, na nalipeleka nyumbani leo."

Ningekuwa na akili ningeziba masikio ya Melchior. Alinishika mkono akanivuta nyuma ya nguzo.

"Amekubali," akanong'ona.

"Ndiyo. Nenda kampe funguo."

"Hakushusha hata mia."

"Ndiyo."

"Na ile wipa kaiona, bado hakushusha."

"Melchior."

"Kwa nini, Mwatumu? Mtu akikubali bei bila hata kuguna, kuna kitu anakijua. Tumeuza chini. Pengine injini hii ina kitu."

"Ina miaka hamsini na tatu, ndicho kitu ilicho nacho. Mkeo ana siku mbili."

Lakini alikuwa ameshatoka nyuma ya nguzo. Akamwambia Gun-Britt, kwa Kiswidi chake kizuri cha kutangazia vituo, kwamba kwa kweli kuna mtu mwingine ameonyesha nia, na kwa hali ya soko ilivyo, laki na tano ingekuwa sawa zaidi.

Gun-Britt aliangalia karatasi. Akamwangalia yeye.

"Imeandikwa tisini na tano. Na hapa chini, bei ni hiyo."

"Ndiyo, lakini..."

"Basi muuzie huyo mwingine," akasema, bila uchungu wowote. Akakunja orodha mara nne, akarudisha glavu mkobani, akasema kwaheri, akatoka.

Mimi ni dalali. Mwenye mali akishataja bei mbele ya mteja, dalali hana mdomo. Nilingoja mlango ufunge, ndipo nikamwambia Melchior maneno ambayo sitayaandika, na mengine nilimwambia kwa Kisambaa ili yasimuumize sana.

Yeye alikuwa ametulia. Aliegemea boneti. "Tulia, dada. Unamwacha atembee kidogo. Hafiki kituoni kabla hajapiga simu. Ataanza na tisini na saba. Mimi nitasema laki na mbili. Tutakutana katikati." Aliweka simu juu ya boneti jekundu, akaitazama. Dakika tano, sita.

Yaliyotokea nje nilisimuliwa na Felicia mwenyewe. Alikuwa kwenye baraza, ghorofa ya nne, anakung'uta kitambaa. Akaona mama mmoja wa Kiswidi mwenye mkoba, anaelekea kituoni, kwa miguu, peke yake. Hakuhitaji kuambiwa. Alishuka na kandambili, futi ya kupimia shingoni, koti hana. Hagsätra ni mwisho wa reli, treni hukaa imesimama milango wazi kabla ya kugeuka kurudi mjini, na hiyo ndiyo iliyomwokoa. Gun-Britt alikuwa ameshakaa dirishani. Felicia akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Wewe ndiye wa gari?"

"Nilikuwa."

"Mimi ni mke wake."

"Pole," akasema Gun-Britt.

"Hakuna mtu mwingine. Hajawahi kuwapo mtu mwingine. Ameogopa kwa sababu hukubishana."

"Nibishane kwa nini? Bei ilikuwa ya haki."

"Anakotoka yeye, asiyebishana ni mjinga au mwizi. Na wewe hufanani na mjinga."

Gun-Britt alianza kucheka. Kengele ya milango ikalia, milango ikaja, ikamgusa Felicia begani, ikarudi. Kipaza sauti kikaomba anayezuia mlango wa behewa la pili aache.

"Kuna duka natakiwa kulilipia Ijumaa," akasema Felicia. "Nimeshona sebuleni miaka kumi na tisa. Bei ni ile iliyoandikwa. Shuka, mama."

Milango ikaja tena. Kandambili moja iliangukia chini, kwenye reli. Gun-Britt akachukua mkoba wake akashuka.

Walipoingia gerejini, Melchior aliruka kutoka kwenye boneti, uso umemng'aa kuliko gari. Akaninong'oneza, "Nilikuambia nini? Laki na tano!" Akatangulia kumfungulia Gun-Britt mlango.

"Baba Rebecka," akasema Felicia. "Funguo."

Alitoa funguo na tabasamu la bwana harusi. Gun-Britt akabonyeza simu yake, simu ya Melchior ikalia. Akasoma. Tabasamu lilibaki usoni lakini yeye hakuwamo tena.

"Tisini na tano?"

"Bei iliyoandikwa," akasema mkewe.

Ilikuwa imebaki hatua moja: yeye, mwenye jina kwenye kadi, athibitishe kwenye simu kwamba gari limebadilisha mmiliki. Tarakimu sita, basi. Bila hizo Gun-Britt angerudishiwa pesa zake. Alisimama kidole juu ya kioo. Nilimwona anahesabu, midomo inacheza. Kisha akainua macho, akamwona Felicia anahema, hana koti, futi inaning'inia, mguu mmoja peku kwenye saruji ya baridi. Nasikia watu wakitaka kuniambia hapo palikuwa na mapenzi. Labda. Mimi nilichoona ni mtu anayepiga hesabu ya mwisho, na safari hii akaipata.

Akabonyeza tarakimu sita.

Gun-Britt alivaa glavu, akabembeleza kabureta kama ilivyoelekezwa, akalitoa lile jekundu taratibu, huku anatupungia mikono. Melchior naye akampungia. Halafu akageuka kwangu. "Umeona alivyoondoka haraka?" akasema. "Kuna kitu alikijua."

Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa dukani kwa Ruqaya kama shahidi. Melchior alikuwa barabarani na basi lake. Kijana wa simu alikuwa nje, ameegemea dirisha. Ruqaya, ambaye ameuza vitambaa tangu yuko msichana Mombasa, alivuta kiti, akajikohoza, akajiandaa kwa asubuhi ndefu.

"Haya mwanangu. Tisini nilisema, na tisini ni—"

Felicia alikuwa ameshatuma. Simu ya Ruqaya ikalia juu ya meza ya kukatia. Ruqaya akasoma, akasoma tena, akamtazama Felicia kwa jicho la pembeni, wasiwasi unaanza kumwingia usoni.

"Wote? Hivihivi? Hata hukuniuliza kama pasi zimo?"

Felicia alikuwa ameshavua koti, ameketi kwenye ovaloki, anatafuta swichi.